Niliuza nyumba ya yatima na nimetubu. Mbona moyo hautulii?

SWALI

Ndugu mwandishi wa safu hii, nakusalimu katika jina la Bwana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 58 na ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja hapa Morogoro. Naandika bila kutaja jina langu kwa sababu watu wa nyumbani mwangu husoma safu hii, na jambo lenyewe ni zito.

Mwaka 2009 mdogo wangu wa kiume alifariki dunia, akaacha mke na watoto watatu. Kikao cha ukoo kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo ikanithibitisha. Mali ya maana aliyoiacha marehemu ilikuwa nyumba moja ya vyumba vitatu, aliyoijenga tofali kwa tofali kwa mshahara wake. Mwaka 2011 niliiuza nyumba hiyo kwa shilingi milioni 18. Niliwaambia ndugu kwamba marehemu aliacha madeni makubwa ya matibabu, na kwamba shemeji yangu bado alikuwa kijana, angeolewa, na mali ya ndugu yetu ingepotelea kwa watu baki. Kwa kweli madeni hayo hayakufika hata milioni mbili. Fedha iliyobaki nilinunulia Fuso iliyotumika, na mapato ya gari hilo ndiyo yaliyojenga fremu nne za maduka ambazo kodi yake inanilisha mimi na familia yangu hadi leo.

Siku walipohama kurudi kwao shemeji, Iringa, nilikuwepo kusimamia upakiaji wa vyombo. Mtoto wao wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano, alikuwa amembeba kuku jike ndani ya boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Kabla hajapandishwa kwenye gari aliniuliza, "Baba mkubwa, tutarudi lini?" Nikamjibu, "Karibuni tu, mwanangu." Nilikuwa nimekwisha kupokea fedha yote ya mnunuzi.

Mwaka 2016 niliguswa katika mkutano wa injili, nikatubu kwa machozi, nikaacha pombe na mambo mengine mengi. Tangu hapo nimefunga na kuomba mara nyingi kwa ajili ya jambo hili moja. Nilimweleza mchungaji wangu habari yote, naye alinisomea maneno ya nabii Mika kwamba Mungu hutupa dhambi zetu katika vilindi vya bahari, akaniambia nisizamie tena kwenda kuzitafuta. Mke wangu naye anasema fedha ilikwisha zamani na kwamba kulifufua jambo hili ni kuuvunja ukoo. Shemeji mwenyewe hajawahi kunishtaki. Tukikutana kwenye misiba huniambia, "Shikamoo shemeji," kisha huenda kukaa na wanawake wenzake.

Mwaka huu nilianza kuwasoma manabii kwa mpangilio. Zamani niliwakwepa, nikabaki kwenye Zaburi, kwa sababu Mungu wa manabii nilimwona kuwa ni Mungu wa hasira. Nilipofika sura ya kwanza ya Isaya, mahali panaposema mikono imejaa damu na kwamba mjane atetewe, nilifunga kitabu. Ni miezi mitatu sasa sijashiriki Meza ya Bwana. Kila ikifika siku hiyo natafuta safari.

Naomba unisaidie. Je, Mungu amenisamehe au hajanisamehe? Kama amenisamehe, mbona silali? Na kama nikirudisha mali ya watu, je, sitakuwa ninajaribu kuununua msamaha ambao hutolewa bure?

Baba Mkubwa, Morogoro

JIBU

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale, kwa mtoto mwenye kuku ndani ya boksi. Umeandika mengi juu ya machozi yako na mifungo yako, nami siyadharau, lakini swali kubwa kuliko yote katika barua hii si lako. Ni la mtoto huyo, na neno alilolitumia ndilo neno ambalo manabii wa Kiebrania walilitumia kuliko jingine lolote walipozungumza juu ya toba. Neno hilo ni kurudi.

Kiebrania cha manabii kina kitenzi *shuv*, ambacho maana yake ya kila siku ni kurudi au kugeuka: mtu aliyetoka nyumbani anarudi, mateka aliyepelekwa mbali anarudi katika nchi yake. Kitenzi hicho hicho ndicho manabii wanachokitumia wanaposema "tubuni". Hata neno letu "toba", lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, ni la ukoo mmoja na *shuv*, kwa sababu lugha hizo za Kisemiti ni ndugu. Kwa hiyo tunaposema mtu ametubu tunasema amerudi, ijapokuwa kwa mazoea yetu ya leo tumeifanya toba kuwa jambo la koo na macho, yaani maneno yanayotamkwa na machozi yanayotoka. Kwa Hosea, Yeremia na Ezekieli toba ilikuwa kazi ya miguu. Mtu alikuwa amekwenda mahali pasipompasa, naye alitakiwa ashike njia ya kurudi.

Nianze na hofu yako kwamba Mungu wa manabii ni Mungu wa hasira, kwa sababu mtu hawezi kumrudia anayemwogopa namna hiyo. Atazunguka tu nje ya ua. Hasira ipo, sitaki kukudanganya. Lakini tazama inakaa wapi. Hosea alitabiri katika ufalme wa kaskazini, Israeli, ambao yeye hupenda kuuita Efraimu, katika miongo ya mwisho kabla Samaria haijaanguka mikononi mwa Waashuri mwaka 722 KK. Aliona wafalme wakiuana, masikini wakipunjwa kwenye mizani, na watu wakimtolea Mungu sadaka huku wakifuata mabaali, yaani miungu ya Wakanaani. Sura ya 11 ya kitabu chake inamwonyesha Mungu akikumbuka kama mzazi anavyokumbuka. Anasema Israeli alipokuwa mtoto alimpenda, akamwita atoke Misri. Alimfundisha Efraimu kwenda kwa miguu, akamshika mikononi, akainama kumlisha. Ni picha ya mzazi aliyepinda mgongo, anamshika mtoto mikono yote miwili ili ajaribu hatua ya kwanza. Kisha mtoto huyo amekua, akaenda zake, na kila akiitwa anazidi kwenda mbali. Sheria ya kale ingeruhusu mwana mwasi kama huyo hata auawe. Hapo ndipo Mungu anauliza, "Nikuacheje, Efraimu?" na kusema kwamba moyo wake umegeuka ndani yake.

Kaa na kitenzi hicho kidogo, "umegeuka". Katika aya hiyo hiyo imetajwa miji ya Adma na Seboimu, iliyoangamizwa pamoja na Sodoma na Gomora, na Kiebrania cha Kumbukumbu la Torati, kinaposimulia maangamizi ya miji hiyo, hutumia kitenzi cha kupindua, yaani juu kufanywa chini. Hosea anakichukua kitenzi kile kile na kukiweka ndani ya kifua cha Mungu. Mapinduzi yaliyostahili kuupata mji yametokea katika moyo wa yule aliyekosewa. Sababu inayotolewa ni fupi nayo inanitetemesha kila niisomapo: kwa maana yeye ni Mungu, wala si mwanadamu. Sisi tungedhani kwamba kwa kuwa yeye ni Mungu, basi ataadhibu bila kutikisika. Nabii anasema utakatifu wake ndio unaomfanya asimwache mtoto wake.

Hosea aliyajua hayo kwa maisha yake mwenyewe pia. Aliambiwa amwoe Gomeri binti Diblaimu, mke asiyetulia, na watoto wao wakapewa majina ya uchungu. Binti aliitwa Lo-ruhama, yaani asiyerehemiwa. Na katika jina hilo, ukiondoa "lo" ambayo ni "si", utasikia neno letu "rehema", kwa kuwa mzizi ni mmoja. Mzizi huo katika Kiebrania unahusiana na neno la tumbo la uzazi. Baadaye jina hilo linageuzwa, "lo" inaondolewa, na binti anaitwa Ruhama, aliyerehemiwa. Tena katika sura ya tatu nabii anakwenda kumkomboa mwanamke, ambaye wasomaji wengi humwona kuwa ni yule yule Gomeri, kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Aliyesalitiwa ndiye aliyefungua mfuko.

Hapo ndipo jibu la swali lako la tatu lilipo, ndugu yangu. Huwezi kuununua msamaha wa Mungu, kwa sababu katika habari hizi hakuna mahali ambapo mwenye kosa analipa ili apendwe. Upendo unatangulia. Mwishoni mwa kitabu Hosea anamsikia Mungu akisema atawapenda watu wake kwa ukunjufu wa moyo, yaani kwa hiari yake, bila kulazimishwa na sadaka ya mtu. Yeremia, zaidi ya miaka 100 baadaye, anamsikia Efraimu akilia kama ndama asiyezoea nira, akisema, "Unigeuze, nami nitageuka." Ona kwamba hata nguvu ya kurudi inaombwa. Naye Mungu anajibu katika sura hiyo ya 31 kwamba kila amtajapo Efraimu anazidi kumkumbuka, na moyo wake unataabika kwa ajili yake. Kwa hiyo ukiniuliza kama Mungu anakupenda, mimi nitakujibu bila kusitasita kwamba anakupenda, na kwamba alikupenda siku ile ulipokuwa ukisimamia vyombo vya shemeji yako vikipakiwa garini. Wala sidhani kwamba kukosa kwako usingizi ni dalili ya kuachwa. Mtu aliyeachwa kweli analala vizuri sana.

Lakini upendo huo, kwa manabii, haujawahi kuwa kibali cha kubaki na mali ya mjane.

Nasema hivi kwa heshima kwa mchungaji wako, ambaye naamini alitaka kukutua mzigo. Aya aliyokusomea ni ya kweli, na ni mojawapo ya aya nzuri kuliko zote katika Biblia. Wayahudi huisoma alasiri ya Siku ya Upatanisho, mara baada ya kusoma kitabu kizima cha Yona. Ila Mika aliyesema habari za vilindi vya bahari katika sura ya saba ndiye huyo huyo aliyesema, katika sura ya pili, ole wao walalao vitandani wakipanga uovu na kulipopambazuka wakautenda kwa kuwa uwezo umo mikononi mwao. Wanaotamani mashamba wakayachukua, na nyumba wakaziondoa. Aya chache mbele anawakemea waliowatoa wanawake wa watu wake katika nyumba walizozipenda, na watoto wao wachanga wakanyang'anywa utukufu. Mika alikuwa mtu wa Moreshethi, mji mdogo wa Yuda, na kwa maneno yake naona kwamba hakuwa anasema kwa mafumbo. Ukimpa Mika nafasi ya kusema sura ya saba, sharti umpe pia nafasi ya kusema sura ya pili. Kinachotupwa baharini ni dhambi. Fremu nne za maduka hazijatupwa baharini. Ziko barabarani, zina wapangaji, na kodi yake inaingia kila mwezi.

Ezekieli analisema jambo hili kwa uwazi wa karani wa mahakama. Alikuwa kuhani aliyepelekwa Babeli pamoja na mateka wa mwaka 597 KK, akaishi kati yao karibu na mto Kebari. Watu wale walimjia na maneno ambayo ungeweza kuyaandika wewe: makosa yetu yako juu yetu, nasi tunadhoofika ndani yake, tutawezaje kuishi? Akaambiwa awajibu kwamba Mungu, kama aishivyo, hafurahii kufa kwake mtu mwovu, bali aiache njia yake akaishi. Kisha, ili mtu asibaki na ahadi inayoelea hewani, nabii anaeleza kuacha njia kunavyoonekana: mtu mwovu akirudisha rehani, akamrudishia mtu kile alichomnyang'anya, akaenenda katika amri za uzima, hakika ataishi, dhambi alizozitenda hazitakumbukwa hata moja juu yake. Maneno hayo yako katika sura ya 33, na ahadi na masharti vimo ndani ya pumzi moja. Wala usifikiri kwamba anayerudisha rehani anamlipa Mungu. Anaacha tu kuendelea kuiba. Maadamu mali iko kwako, kosa lako si la mwaka 2011 peke yake. Linafanyika upya kila mpangaji anapokukabidhi kodi.

Watu wa Ninawi katika kitabu cha Yona walivaa magunia, hata wanyama wao wakavikwa, wakafunga kula na kunywa. Amri ya mfalme wao ilitaka zaidi: kila mtu auache udhalimu ulio mikononi mwake. Na walimu wa Kiyahudi wa karne za kwanza walioikusanya Mishna, yaani mafundisho yao ya kale juu ya sheria, walitambua jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita, kwamba andiko halisemi Mungu aliona magunia yao na kufunga kwao. Linasema aliona matendo yao, ya kuwa wameiacha njia yao mbaya. Walimu hao hao walifundisha kwamba Siku ya Upatanisho husafisha makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu, ila makosa yaliyo kati ya mtu na mwenzake haiyasafishi mpaka amridhishe mwenzake. Wewe umefunga kwa miaka mingi, na kufunga kwako kumekuwa kwema kama vile kupalilia ni kwema, lakini hakuna avunaye shamba ambalo hakulipanda.

Isaya uliyemfungia kitabu, mfungue tena. Ulifunga aya moja kabla ya wakati. Baada ya mikono yenye damu, na baada ya "mteteeni mjane", neno linalofuata ni "Haya, njoni, tusemezane," na ndipo zinapotajwa dhambi nyekundu zitakazokuwa nyeupe kama theluji. Aliyekutisha alikuwa yu katikati ya sentensi ya kukuita.

Sasa nikuonye juu ya hatari moja ninayoiona mbele yako. Yeremia anasimulia, katika sura ya 34, kwamba Wababeli walipouzingira Yerusalemu, mfalme Sedekia na wakuu wa mji walifanya agano la kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania. Waliwaacha kweli. Kisha jeshi la Farao likatoka Misri, Wababeli wakaondoka kwa muda, hofu ikapungua, na wale mabwana wakawarudisha watumwa wale utumwani. Yeremia anatumia neno lile lile la kurudi kwa matendo yote mawili: mlikuwa mmerudi mkatenda yaliyo sawa, kisha mkarudi nyuma. Toba iliyozaliwa na hofu iliishi muda ule ule ambao hofu iliishi. Nakuomba usiifanye toba yako kuwa dawa ya usingizi, kwa maana usingizi ukirejea utaona kwamba fremu zako ni nzuri mno kuachiwa.

Basi ufanye nini?

Anza na mke wako, kwa kuwa mali unayotaka kuipunguza inamlisha yeye pia, na si haki asikie habari hiyo kikaoni. Usimwombe ruhusa ya kutenda haki, ila mweleze kwa upole, na mpe muda wa kukasirika. Kisha kaa na karatasi. Torati, katika Mambo ya Walawi na Hesabu, ilimtaka mtu aliyemdhulumu mwenzake arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwa bei uliyoiuzia nyumba, hata bila kutoa yale madeni, hiyo ingekuwa milioni 21 na laki sita. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba fedha hiyo leo hainunui nyumba ya vyumba vitatu kwenye eneo kama lile, na walichopoteza watoto hao kilikuwa nyumba. Kwa maoni yangu, deni lako linakaribia thamani ya nyumba ya namna ile kwa bei ya leo, na njia iliyo nyoofu kuliko zote ni kuwahamishia fremu mbili, au hata zote, kwa majina yao. Tafuta wakili kabla ya kugusa hati yoyote, na umweleze ukweli wote pamoja na yale uliyoyasema ulipokuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu jambo hili lina upande wa kisheria ambao mimi siwezi kukuongoza, nawe usiukwepe.

Baada ya hapo ndipo uende Iringa. Nenda mwenyewe, usitume mtu, na usianzie kwenye kikao cha ukoo. Kikao kina zamu yake, kwa kuwa uliwadanganya na sharti uwaambie kweli mbele ya wote, lakini ukianza nao, wazee watamgeukia shemeji yako na kumbembeleza akubali yaishe kabla hajapata hata nafasi ya kulia. Hosea anawaambia watu wanaorudi wachukue maneno pamoja nao. Yachukue, nawe uyachague machache: nilidanganya, niliuza, nikala mali ya watoto wako, hiki hapa nilichokuja kurudisha. Usiongeze habari za mkutano wa injili. Usiseme kwamba shetani alikupitia. Na tafadhali, usimsomee Hosea. Nimekwisha kuona watu wakimchukua nabii huyo na kumfanya fimbo ya kumchapia aliyekosewa, kana kwamba Hosea alipomrudisha Gomeri aliwawekea wanyonge wote sheria ya kusamehe siku hiyo hiyo. Kitabu kile kinasema jinsi Mungu anavyopenda. Hakikukabidhi msamaha wa mjane uutumie upendavyo. Shemeji yako anaweza kukusamehe, anaweza kukwambia utoke, anaweza kupokea mali na asikuite tena shemeji. Katika yote matatu mali itabaki kuwa ni yake na ya wanawe, na katika yote matatu Mungu hatakuwa amebadilika.

Kuhusu Meza ya Bwana, acha kutafuta safari. Rudi kwa mchungaji wako, mwonyeshe sura ya pili ya Mika, mwambie unachokusudia kufanya, kisha mkubaliane wawili ninyi lini utashiriki. Na uzee wa kanisa, nadhani ni vema uupumzishe kwa muda, usije ukaonekana kutubu ili kulinda kiti.

Nimekuwa nikifikiri juu ya bonde la Akori. Katika kitabu cha Yoshua, Akani alichukua vitu vilivyokatazwa, akavificha ardhini ndani ya hema yake, vikafukuliwa, na mambo yakaishia vibaya mno katika bonde hilo, hata likaitwa jina la taabu. Hakuna Mwisraeli aliyelitaja kwa furaha. Hosea, anapoeleza jinsi Mungu atakavyomrudisha mke wake kwa kusema naye maneno ya kumtuliza moyo, anasema bonde la Akori litafanywa kuwa mlango wa matumaini. Hakuchagua bonde jingine lenye historia nzuri zaidi. Kwako wewe bonde hilo ni ile nyumba ya vyumba vitatu, na huwezi kuuona mlango huo kabla ya kufukua kilichofukiwa hemani.

Yule mtoto wa kuku sasa ni kijana wa kama miaka 19. Yeye na nduguze wawili ni warithi wa baba yao, kwa hiyo hakikisha wanakuwepo utakapozungumza na mama yao, na zungumza nao kama watu wazima. Alikuuliza, "Baba mkubwa, tutarudi lini?" na jibu ulilompa halikuwa na siku wala mwezi. Safari hii usipande basi la Iringa kabla hujawa na tarehe ya kumtajia.